Tunatuma Pesa, Nani Anashika Nyundo?

Najua nimepotea. Wengine mmenitumia ujumbe mkiuliza kama nimeacha kuandika, na mmoja akauliza kama nimeula serikalini. Hapana jamani. Nilikuwa kijijini kwetu Mufindi kwa siku kumi na mbili, na nyundo mkononi badala ya kinasa sauti. Nimerudi Dar na kucha moja nyeusi, malengelenge kwenye viganja, na jambo moja lililonikaa kooni. Nisipolisema hapa sijui nitalisemea wapi.

Jambo lenyewe ni hili: sisi vijana tuliosoma na tunaoishi mjini tunazitunza nyumba za wazazi wetu kwa simu. Tunatuma pesa, tunaambiwa "imefika", tunalala usingizi. Na nyumba zinaendelea kuoza kimya kimya, kwa sababu nyumba haili pesa. Nyumba inataka macho ya kuiangalia na mikono ya kuishika. Macho yetu yako kwenye simu, na mikono yetu hatujui hata kuitumia.

Kabla hujakunja uso, ngoja nianze na aibu yangu mwenyewe.

Miaka miwili iliyopita nilimnunulia mama tangi la maji la lita 2,000. Nilituma pesa ya tangi, ya gata za kukinga maji ya paa, ya mabomba, ya usafiri kutoka Mafinga mjini, na ya fundi. Nilijibana sana kuipata pesa ile. Mama alinipigia simu jioni: "Tangi limefika mwanangu. Mungu akubariki." Binamu yangu akanitumia picha. Tangi jeusi, kubwa, limesimama pembeni ya nyumba ya baba. Nikaiweka picha kwenye status. Watu wakanipongeza kweli kweli. Hongera kaka, mtoto wa kiume wewe! Nikavimba kichwa.

Februari mwaka huu dada yangu akanipigia. Mama ameteleza kwenye mteremko wa kutoka kisimani, na ndoo kichwani. Mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika, amefungwa hogo. Nikapiga simu kwa mama. Baada ya pole za hapa na pale nikamuuliza, kwa sauti iliyokuwa na lawama ndani yake, na leo ninaijutia: "Sasa mama, kisimani ulifuata nini wakati tangi lipo?"

Kimya. Kisha akasema, "Tangi halijawahi kuwa na maji, baba."

"Miaka miwili yote? Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama limefika, nikakuambia limefika. Hukuniuliza kama lina maji."

Ndugu zangu, nimewahi kuwahoji wakubwa wengi wa nchi hii. Hakuna aliyewahi kunijibu jibu likanifunga mdomo namna ile. Mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza maswali, kwa mama yangu mwenyewe nilikuwa nimeuliza swali bovu. Nikaomba likizo.

Kwa wasioijua Mufindi, ni nyanda za juu, baridi, misitu ya misindano na mikaratusi ya Sao Hill, na mvua zake huanza kama Novemba hadi Aprili au Mei. Ukitoka Dar unapita Morogoro, unapita mbugani Mikumi, unapanda mlima Kitonga, unaiacha Iringa mjini, ndipo ufike Mafinga ukiwa umechoka hujijui. Maji ya mvua pale kwetu si shida. Miezi yote ile yanamwagika kutoka kwenye bati, yanachimba ardhi, yanapotea bondeni. Halafu wanawake wanashuka bondeni hukohuko kuyafuata, wanayapandisha kichwani. Ukilifikiria sana jambo hili unaweza kucheka, au unaweza kulia.

Asubuhi ya kwanza nilitoka kwenda kulikagua tangi langu. Nikakuta kiini macho. Gata zilikuwepo, lakini zimeshikiliwa na vishikio vitano tu kwenye ukuta wa mita kumi, kwa hiyo zilikuwa zimelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Maji yalikuwa yakisimama pale kwenye tumbo, kisha yanamwagikia ukutani. Bomba la kushuka lilikuwa limekatwa fupi, halifiki kwenye tangi. Kilichokosekana ni elbo mbili na kipande cha bomba. Na tangi lenyewe lilikuwa limewekwa juu ya matofali yaliyopangwa tu chini, bila saruji, kwenye udongo laini.

Baba mdogo alikuja kunisabahi akanikuta nimeshika kiuno. Akaniambia, "Mshukuru Mungu halikujaa." Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Lita moja ya maji ina uzito gani, bwana mwandishi?"

Kilo moja. Kwa hiyo lita 2,000 ni kilo 2,000, tani mbili, juu ya matofali yasiyoshikana, hatua mbili kutoka mahali ambapo watoto wa dada hucheza rede. Hesabu hiyo niliijua tangu shule ya msingi. Sikuwahi kuifanya, kwa sababu hakuna mtihani ulioniuliza juu ya tangi la mama yangu.

Fundi je? Nilimtafuta kwa hasira ya mjini. Nikaambiwa alipewa pesa ya siku mbili, vifaa vikapungua, akamwambia mama amwombe mwanawe aongeze. Mama akaona haya. Alijua nimejibana. Fundi akangoja, kisha akapata kazi mbali, akaondoka. Simtetei, kwa sababu kuweka tangi juu ya matofali makavu ni uzembe. Lakini orodha ya vifaa niliiandika mimi, nikiwa ofisini Dar, bila kupima chochote. Niliandika "gata mita kumi, bomba moja, fundi". Sikujua kama kuna kitu kinaitwa elbo. Ukiacha saruji ya kujengea msingi wa tangi, vifaa vyote vilivyokosekana niliviona dukani Mafinga kwa pesa isiyofika nauli yangu ya basi. Mkono wa mama ulivunjika kwa sababu ya elbo mbili, kipande cha bomba na vishikio kumi. Na kwa sababu ya swali ambalo sikuuliza.

Sasa hebu tuulizane. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Si fundi. Lakini alikuwa na sanduku la mbao chini ya kitanda lenye nyundo, msumeno, randa, patasi, timazi na futikamba, na mlango ukikwama Jumamosi, Jumamosi hiyohiyo unarandwa. Paa likivuja, anapanda. Kiti kikivunjika mguu, jioni kinakaliwa. Wewe pia unamkumbuka baba, babu au mjomba wa namna hiyo. Iweje mtu mwenye cheti cha ualimu aliweza, na mimi mwenye digrii nishindwe? Tumepoteza wapi?

Nina jibu langu, mnaweza kulikataa. Nadhani tulifundishwa kwamba kazi ya mikono ni adhabu.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule zisimtenge mtoto na maisha ya watu wake. Shule iwe na shamba, iwe na karakana, mwanafunzi afikiri na afanye. Wazo zuri kabisa. Lakini nikikumbuka shule niliyosoma mimi, miaka mingi baadaye, kilichobaki cha wazo hilo kilikuwa nini? Umechelewa namba: kang'oe kisiki. Umeongea Kiswahili siku ya Kiingereza: kabebe mawe. Umefeli hesabu: nenda kafyatue matofali. Aliyefaulu alikaa kivulini na kitabu. Aliyefeli alipewa jembe. Na nyumbani, wazazi wetu haohao wenye mikono ya dhahabu wakatumalizia: "Usiposoma utabeba zege!"

Basi tukasoma ili tusibebe zege. Tukasoma kweli. Tukakimbia mwiko na nyundo kama mtu anayekimbia jela, tukafika mjini, na sasa bomba likivuja jikoni tunaweka ndoo chini yake na kumpigia fundi ambaye atakuja keshokutwa. Hatuoni aibu kutojua. Tunaona kama ni dalili ya kufanikiwa.

Turudi Mufindi.

Tulianza na msingi wa tangi. Tulichimba mpaka tukakuta udongo mgumu, tukazungushia mawe na matofali ya kuchoma kwa saruji, duara la upana wa kama mita mbili, tukaliinua sentimita 60 ili ndoo ikae vizuri chini ya koki. Ndani tukajaza mawe na kifusi, tukashindilia tabaka kwa tabaka. Juu tukamwaga zege: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mimi nilitaka kuongeza maji ili lichanganyike kirahisi. Baba mdogo akanishika mkono. Zege likizidi maji linakuwa tamu kulimwaga na dhaifu likikauka. Tukalifunika kwa magunia na turubai, na kwa siku saba kazi yangu ya asubuhi na jioni ikawa kuyalowesha magunia. Nilikuwa nadhani zege linakauka kama nguo. Kumbe linakomaa, na ili likomae linahitaji maji. Ukiliacha likauke kwa jua siku ya pili, umelipunguzia nguvu mwenyewe.

Wakati zege linakomaa, tukahamia kwenye gata. Hapa ndipo niliposhikishwa adabu. Nilishasoma kwenye intaneti kwamba gata inatakiwa ishuke kidogo kuelekea kwenye bomba, kama sentimita moja kila mita mbili. Mita kumi, sentimita tano. Rahisi! Nikapima kutoka kwenye ukingo wa paa kwenda chini, upande mmoja sentimita mbili, upande wa tangi sentimita saba, nikavuta kamba, nikapigilia vishikio kumi na tano kwa siku nzima, nikijisifu. Mama amekaa kwenye kigoda na hogo lake ananitazama, hasemi kitu. Jioni nikamwaga ndoo ya maji juu ya bati. Maji yakaingia kwenye gata, yakasimama kabisa, hayaendi kokote.

Baba mdogo alicheka mpaka akaweka chini kikombe chake cha ulanzi. "Wewe umepima kutoka kwenye paa. Nani alikuambia paa liko sawa?"

Nyumba ya baba ina zaidi ya miaka thelathini. Upande mmoja umetitia. Ukingo wa paa wenyewe ulikuwa unapanda karibu sentimita tano kuelekea kwenye tangi, ukala mteremko wangu wote.

Kesho yake akaja na mpira mwembamba wa kupitisha maji, ule unaoonyesha ndani. Tukaujaza maji, tukatoa mapovu. Ncha moja nikaishika mimi huku, ncha nyingine akaishika mpwa wangu, yuko darasa la sita, kule mwisho wa ukuta juu ya meza. Maji yakapanda, yakashuka, yakatulia. Pale yalipotulia kwangu na pale yalipotulia kwake ndipo pako sawa, hata kama nyumba imepinda, hata kama ardhi ina mlima katikati. Tukaweka alama za penseli. Mtoto akauliza, "Mjomba, kwa nini yanalingana?"

Jibu nililijua. Nimeliandika kwenye mtihani wa fizikia nikapewa alama zote. Lakini niseme ukweli wangu: ilikuwa mara ya kwanza maishani kuliona likifanya kazi. Miaka mingi nimebeba elimu hiyo kichwani kama mtu aliyebeba ndoo ya maji na bado anakufa kwa kiu.

Tukang'oa vishikio vyote, tukavipigilia upya.

Siku zilizobaki nikaanza kuona vitu. Hilo ndilo lililonishangaza zaidi: ukishashika kazi moja, macho yanafunguka. Niliona chini ya ukuta, pale maji ya paa yalipokuwa yakirukia kwa miaka, matofali yameliwa na tope lililoyashikilia limetoka. Tukakwangua, tukajaza kwa saruji na mchanga, tukachimba mfereji wa kuyapeleka maji mbali na msingi. Niliona jikoni panavuja kwa sababu misumari ya bati ilipigwa bondeni, kwenye njia ya maji, badala ya mgongoni pa bati. Niliona mlango wa chumba cha mama haufungi. Umevimba kwa unyevu, na kwa miaka sijui mingapi amekuwa akiuegemeza jiwe usiku. Jiwe, jamani! Nimelala nyumba ile kila Krismasi, sikuwahi kuliuliza lile jiwe linafanya nini pale. Nikatoa randa ya baba, nikaurando mlango, kwa kupinda pinda, lakini sasa unafunga.

Na niliona jambo jingine lililonipunguzia kiburi. Wakati sisi wanaume tunatuma pesa na kupigwa picha na matangi, nyumba ile imekuwa ikishikiliwa na mama. Yeye ndiye anayekandika ukuta wa jiko la nje kila mwaka kabla ya mvua. Yeye ndiye anayejua kwamba udongo wa kichuguu unashika vizuri kuliko ule wa bondeni. Hata na mkono mmoja alikuwa anatuelekeza: ongeza hapa, pale pataachia. Hakuna anayemwita fundi. Tunamwita mama tu.

Siku ya kumi tukapandisha tangi. Siku ya kumi na moja, saa kumi jioni, wingu likakusanyika upande wa msituni. Tuliacha maji ya kwanza yaoshe paa, tumechomoa bomba pembeni, vumbi na majani na mavi ya ndege viende zake. Kisha nikachomeka bomba. Mvua ilinyesha kama saa moja hivi. Tulisimama barazani wote, hakuna anayeongea, tunasikiliza maji yakianguka ndani ya plastiki tupu. Mara ya kwanza katika miaka miwili.

Niwape hesabu, maana ni rahisi na kila mtu anaweza kuifanya nyumbani kwao. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Upande wa paa uliofungwa gata pale kwetu ni mita 10 kwa 4, yaani mita za mraba 40. Mvua ya milimita 20 inaleta lita 800. Toa yanayoruka na kumwagika, tuseme asilimia 20, unabaki na lita 640. Hizo ni ndoo 32 za lita ishirini. Safari 32 za mteremko ambazo mama hatazipanda, kwa mvua moja, kwa upande mmoja wa paa. (Ya kunywa bado yachemshwe, na tangi lifunikwe vizuri na wavu uwekwe, vinginevyo unafuga mbu.)

Najua kuna watakaonipinga, na nawasikia tayari.

Wa kwanza atasema: kaka, unawanyima mafundi riziki. Kila mtu afanye alichosomea, wewe andika habari, fundi ajenge. Nimelifikiria sana hili. Jibu langu ni kwamba fundi mzuri hanyimwi kazi na mteja anayejua. Anayemuumiza ni mteja asiyejua, yule anayetaka rahisi, anayeandika orodha kwa kubahatisha, halafu anamlaumu. Ningejua hata robo ya ninayoyajua leo, fundi yule angepewa vifaa vya kutosha, angelipwa siku zake, na ningemuuliza juu ya yale matofali makavu kabla hajaondoka. Asiyejua kazi hawezi kuisimamia. Anaweza kuilipia tu.

Wa pili atasema: muda uko wapi? Likizo yenyewe siku ishirini na nane kwa mwaka. Kweli. Lakini hebu tuhesabu siku tunazokwenda kijijini kwa msiba, tunakaa turubaini siku tatu tunacheza karata, nyuma yetu mlango wa marehemu haufungi. Muda upo. Tunaona haya kuvua shati.

Wa tatu ana hoja nzito: utajiua. Ni kweli, kuna kazi si za kugusa. Umeme uachie fundi mwenye leseni, mimi sigusi hata nyaya. Shimo la choo refu usiingie kizembe, watu wamefukiwa. Ukuta unaobeba paa usiutoboe kwa sababu umeona video. Ngazi isimame kwenye ardhi ngumu na mtu aishikilie. Kujijua mpaka wako ni sehemu ya ufundi. Lakini kati ya kugusa umeme na kuranda mlango kuna safari ndefu, na sisi tumekaa nyumbani kwa kisingizio cha umeme.

Tangu 2024 mitaala mipya imeanza kutumika nchini hatua kwa hatua, na sekondari sasa ina mkondo wa amali. Nimefurahi, lakini ninaogopa kitu kimoja. Ninaogopa tutaugeuza mkondo huo kuwa mahali pa kuwapeleka wale tuliowaona "hawana akili", kama tulivyoligeuza jembe la Mwalimu kuwa fimbo. Mtoto anayekwenda kusomea sheria naye ashike mwiko. Hasa yeye. Maana ndiye atakayekuwa ofisini siku moja akisaini malipo ya kisima cha kijiji, na ni yeye atakayetakiwa kuuliza: kina maji?

Sina ushauri mwingi. Ukienda kwenu safari ijayo, nenda wakati wa mvua, si Desemba kwenye pilau peke yake. Mvua ndiyo mkaguzi mkuu wa nyumba; itakuonyesha kila kosa bila rushwa. Zunguka nyumba na mzazi wako, umwache yeye atangulie, akuonyeshe. Beba futikamba. Chagua kitu kimoja kidogo, mlango, dirisha, gata, kigoda, ukitengeneze kwa mkono wako na ukosee na urudie. Fundi akija, kaa naye siku nzima, mbebee tofali, muulize. Na ukituma pesa, usiulize tena "imefika?" Uliza "inafanya kazi?" Kama unaweza, omba usikie sauti ya maji kwenye simu.

Nilipokuwa naondoka alfajiri kuwahi basi, mama alikuwa ameshaamka. Alikuwa kwenye koki anakinga maji ya kuogea, kwa mkono mmoja, polepole. Nikamwambia, mama, upande wa pili wa paa nitaurudia mwezi wa kumi na moja mvua zikianza. Akasema, "Usitume mtu. Njoo mwenyewe."

Sanduku la baba nimeliacha chini ya kitanda, lakini randa nimekuja nayo Dar. Mlango wa bafu wa hapa ninapopanga unakwama tangu mwaka juzi. Nilikuwa namsubiri mwenye nyumba.

Haya, tuambizane. Kwenu kuna tangi gani kavu?